Kesi Isiyosikilizwa: Mihail Manoilescu na Mji wa Sighet



Tarehe 30 Agosti 1940, katika jumba la Belvedere mjini Vienna, mawaziri wa mambo ya nje wa Ujerumani na Italia, Joachim von Ribbentrop na Galeazzo Ciano, walimtandazia ramani mwenzao wa Romania. Mpaka mpya ulikuwa umekwisha kuchorwa. Waziri yule, mtu wa miaka 48, mhandisi kwa elimu na mchumi kwa sifa, aliutazama ule mstari, akaona ulivyoingia hadi kifuani mwa nchi yake, akaanguka akazimia. Wakamzindua. Kisha akatia sahihi.

Miaka kumi na miezi minne baadaye, tarehe 30 Desemba 1950, mtu huyo huyo alikata roho katika gereza la mji wa Sighet, kaskazini kabisa mwa Romania. Alikuwa ameshikwa tangu miaka miwili nyuma, na katika muda wote huo hakuwa amesimamishwa mbele ya hakimu. Sighet ilikuwa mojawapo ya miji ambayo mstari wa Vienna uliikata kutoka Romania. Alifia katika mji aliousaini utoke mikononi mwa nchi yake.

Jina lake Mihail Manoilescu. Naomba niseme mapema ili asiwepo atakayedhani nimemficha jambo: huyu hakuwa mtu safi. Nimemchagua kwa sababu hiyo hasa. Kumtetea mfungwa asiye na doa ni kazi nyepesi, moyo unakwenda wenyewe. Haki inapimwa pale anapoletwa mtu ambaye nafsi yako inakuambia, mwache, na ayavune aliyoyapanda.

Mtoto wa Tecuci

Manoilescu alizaliwa tarehe 9 Desemba 1891 huko Tecuci, mji mdogo wa Moldavia, katika nyumba ya walimu. Romania ya wakati ule iliishi kwa ngano, mahindi na mafuta ya petroli. Wakulima walikuwa ndio wengi wa watu wake, na mwaka 1907, kijana huyu akiwa shuleni, walinyanyuka dhidi ya wamiliki wa ardhi katika uasi uliozimwa na jeshi kwa damu nyingi. Umaskini wa shambani hakuusoma vitabuni. Ulikuwa nje ya mlango.

Alisomea uhandisi mjini Bucharest, katika Shule ya Taifa ya Madaraja na Barabara. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Romania ilitoka ikiwa imepanuka sana: Transylvania, Bessarabia na Bukovina ziliungana nayo. Nchi ilikuwa kubwa, viwanda vyake vichache, na mhandisi kijana mwenye kipaji cha kusema na kuandika hakukosa mahali. Aliingia katika utumishi wa serikali kwenye idara ya viwanda, kisha siasa. Mwaka 1926 alikuwa naibu katika Wizara ya Fedha, akatumwa Roma kutafuta mkopo kwa Mussolini. Alichokiona Italia kilimvutia, na tutaona baadaye mvuto ule ulimfikisha wapi.

Mwaka 1927 alionja mahabusu kwa mara ya kwanza. Mwanamfalme Carol, aliyekuwa ameiacha haki yake ya kiti cha ufalme na kuishi Ufaransa, alikuwa akitafuta njia ya kurudi. Manoilescu alikamatwa akiwa amebeba barua zake. Alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akajitetea, mashahidi wakasikilizwa, akaachiwa huru. Nawaomba mlishike tukio hili. Serikali iliyomshitaki ilimchukia, na waliomhukumu walikuwa wanajeshi wake, hata hivyo alipewa kesi, na kesi ile iliamuliwa kwa yaliyosemwa mbele ya watu.

Carol aliporudi na kutawazwa mwaka 1930, Manoilescu alipanda haraka. Alikuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, na mwaka 1931 gavana wa Benki ya Taifa. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa mizani yangu, ni miongoni mwa mema yake. Benki kubwa ya Marmorosch Blank, yenye uhusiano wa karibu na jumba la mfalme, ilikuwa ikizama katika mtikisiko wa uchumi wa dunia. Gavana alitakiwa aiokoe kwa fedha za umma. Alikataa. Benki ikaanguka, na gavana naye akaondolewa. Mfalme aliyembebea barua hakumsamehe kwa karibu miaka tisa.

Saa moja ya mkulima

Lakini kabla ya ugavana huo alikuwa amekwisha kuandika kitabu kilichomtoa Romania na kumfikisha mbali. Kilitoka Paris mwaka 1929 kwa Kifaransa, na kilihusu nadharia ya kulinda viwanda na biashara ya kimataifa.

Wachumi wengi walikuwa wakifuata fundisho la Mwingereza David Ricardo, aliyeandika mwaka 1817. Mfano wake mnaujua nyote mliosoma uchumi: Uingereza ifume nguo, Ureno itengeneze mvinyo, kila mmoja ashike kazi anayoimudu zaidi, kisha wabadilishane, na wote wawili watafaidika. Ni hoja nzuri, na haijafa hadi leo. Manoilescu aliijia kwa swali la mtu aliyekulia kandokando ya mashamba ya ngano: saa moja ya mkulima inanunua dakika ngapi za fundi wa kiwandani?

Alichukua takwimu za nchi yake, akapiga hesabu. Aliona kwamba mfanyakazi mmoja wa kiwandani huzalisha thamani takriban mara nne ya anayoizalisha mfanyakazi mmoja wa shambani. Basi nchi inayouza nafaka na kununua mashine hutoa jasho la watu wengi ili ipate jasho la mtu mmoja. Bei ni ya sokoni, mkataba umesainiwa kwa hiari, hakuna aliyevunja ghala la mwenzake. Hata hivyo kila meli inayoondoka bandarini na nafaka huwa imebeba siku nyingi za kazi kuliko inayorudi na mashine. Dawa yake ilikuwa ni kuhamisha watu kutoka kazi yenye tija ndogo kwenda yenye tija kubwa, na kuvilinda viwanda vichanga kwa ushuru wa forodha mpaka visimame. Wala hakutaka kila kiwanda kilindwe. Kinachostahili, alisema, ni kile tu ambacho tija ya mfanyakazi wake inazidi wastani wa nchi nzima. Kikiwa chini ya hapo, ushuru unaongeza umaskini.

Wakosoaji hawakukosekana. Jacob Viner, mmoja wa mabingwa wa nadharia ya biashara, alimjibu vikali: ikiwa ujira wa kiwandani na wa shambani umepishana mno ndani ya nchi moja, tatizo liko ndani ya nchi hiyo, na ukuta wa forodha si dawa yake. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi, na wachumi wa biashara ya kimataifa bado wanaiita hoja hiyo kwa jina la Manoilescu.

Kitabu kilisafiri. Mwaka 1931 kilichapishwa kwa Kiingereza mjini London, na mwaka huo huo kwa Kireno huko Brazil, ambako wenye viwanda wa São Paulo, akiwemo Roberto Simonsen, walikitumia kudai ulinzi wa serikali yao. Miaka ishirini baada ya kitabu kile, Raúl Prebisch wa Argentina alitoa kwa njia yake mwenyewe hoja inayokaribiana nayo, kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka mbele ya bei za bidhaa za viwandani. Kutoka Amerika ya Kusini mjadala huo ulivuka bahari hadi kwetu. Mwalimu Nyerere alipolalamika kwamba trekta ile ile inadai mkonge mwingi zaidi kadiri miaka inavyokwenda, alikuwa anauliza swali lile lile la saa ya mkulima. Walter Rodney alipofundisha Dar es Salaam na kuchapisha kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya Ulaya na kudumaa kwa Afrika, alikuja kwa njia nyingine kabisa, njia ya Karl Marx na ya historia ya utumwa. Sidai kwamba hawa walikuwa wanafunzi wa Manoilescu. Nasema walikuta jeraha moja, na yeye alikuwa miongoni mwa waliotangulia kulipima kwa namba.

Njia aliyoichagua

Sasa niyaseme yasiyopendeza.

Mchumi huyu aliyeona wazi jinsi taifa dhaifu linavyonyonywa na taifa lenye nguvu, hakuona hivyo hivyo kuhusu mtu dhaifu ndani ya taifa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1930 alihubiri ukorporatisti, yaani mfumo wa kuiondoa siasa ya vyama na kuiendesha nchi kwa mabaraza ya wenye viwanda, wakulima, wafanyakazi na wanataaluma, yote chini ya dola yenye mamlaka. Mwaka 1934 alichapisha kitabu kilichotangaza kwamba karne ya ishirini ni karne ya mfumo huo. Mussolini alikuwa mfano wake. Baadaye alikwenda mbali zaidi: mwaka 1937 aliingia Baraza la Seneti kwa orodha ya Walinzi wa Chuma, harakati ya kifashisti iliyojengwa juu ya chuki kwa Wayahudi na iliyokuwa tayari imemwaga damu ya wapinzani wake.

Majira ya kiangazi ya mwaka 1940 yaliikuta Romania ikiwa peke yake. Ufaransa, mlinzi wake wa zamani, ilikuwa imeanguka mwezi Juni. Siku chache baadaye Umoja wa Kisovieti ulitoa amri ya mwisho, ukaichukua Bessarabia na kaskazini mwa Bukovina. Mapema Julai Manoilescu aliitwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya Ion Gigurtu, kwa matumaini kwamba mtu anayejulikana Berlin na Roma angeweza kuokoa kilichobaki. Tarehe 8 Agosti serikali hiyo ilitangaza amri iliyowanyang'anya Wayahudi wa Romania haki nyingi za uraia. Yeye alikuwamo barazani. Wiki tatu baadaye alikuwa Vienna.

Hungaria ilipewa karibu kilomita za mraba 43,000 za Transylvania, pamoja na watu wapatao milioni mbili na nusu, Waromania na Wahungaria na Wayahudi na wengineo. Mabwana aliowatumainia ndio waliochora mstari. Alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya wenye nguvu wanavyopanga bei kwa wanyonge, na mezani pale alipangiwa bei. Mfalme Carol alikiacha kiti chake tarehe 6 Septemba, Jenerali Ion Antonescu akashika hatamu, na Manoilescu hakurudi tena uwaziri.

Mji mmoja

Sasa tuutazame mji wa Sighet, maana hapo ndipo moyo wa mhadhara huu ulipo.

Sighet uko katika bonde la mto Tisa, milima pande zote, na ng'ambo ya mto leo ni Ukraine. Mwaka 1928 alizaliwa humo mtoto wa Kiyahudi aitwaye Elie Wiesel. Mstari wa Vienna ulipopita kusini ya mji huo mwaka 1940, familia yake, kama Wayahudi wote wa kaskazini mwa Transylvania, ilijikuta chini ya dola ya Hungaria. Mwaka 1944 Wajerumani waliingia Hungaria. Mwezi Mei askari wa Hungaria waliwakusanya Wayahudi wa Sighet, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo, na treni zikaelekea Auschwitz. Wiesel alikuwa na miaka 15. Mama yake na dada yake mdogo waliuawa huko. Baba yake alifia Buchenwald. Yeye alipona, akawa shahidi wao kwa maisha yake yote, na mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sisemi kwamba sahihi ya Manoilescu ndiyo iliyoyapakia yale mabehewa. Waliofanya uovu ule wana majina yao, na ng'ambo ya pili ya mpaka serikali ya Antonescu nayo iliwaua Wayahudi kwa maelfu mengi. Lakini mtu aliyekaa katika baraza lililotoa amri ya tarehe 8 Agosti, kisha akaugawa mji huu siku 22 baadaye, alikuwa na maswali ya kujibu mbele ya watu wa Sighet.

Vita viligeuka. Tarehe 23 Agosti 1944 Mfalme Mihai, mrithi wa Carol, alimkamata Antonescu, na Romania, iliyokuwa upande wa Ujerumani, ikahamia upande wa pili. Jeshi la Kisovieti likaingia. Manoilescu alikamatwa mwaka huo, akakaa ndani zaidi ya mwaka mmoja, akaachiwa mwishoni mwa 1945. Alipewa kama miaka mitatu ya uhuru, na sehemu yake kubwa aliitumia kuandika kumbukumbu zake. Kaskazini mwa Transylvania ilirudi Romania, na Sighet pamoja nayo.

Tarehe 30 Desemba 1947 mfalme alilazimishwa kujiuzulu na nchi ikatangazwa kuwa jamhuri ya watu. Mwezi Juni 1948 viwanda, mabenki na migodi vilitaifishwa. Mwezi Agosti iliundwa polisi ya siri, Securitate. Mwezi Desemba Manoilescu alishikwa tena. Alipitishwa gereza hadi gereza, mwisho akafikishwa Sighet.

Gereza hilo lilijengwa mwaka 1897, wakati wa dola ya Austria na Hungaria. Mwaka 1950 liligeuzwa mahali pa kuwafutilia mbali viongozi wa zamani wa nchi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei mwaka huo walikusanywa zaidi ya mia moja kwa mpigo: mawaziri, maprofesa, wanahistoria, wanadiplomasia. Baadaye waliongezwa maaskofu na mapadre. Kwa maandishi hapakuwa gereza, palipewa jina la kambi ya kazi ya Danube. Mpaka wa Kisovieti ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, hivyo hata mawazo ya kutoroka hayakuwa na pa kwenda.

Wafungwa wapatao mia mbili walipita humo, wengi wakiwa wazee. Chakula kilikuwa kibaya na haba. Seli hazikuwa na moto wakati wa baridi ya milimani. Mchana ilikatazwa kujilaza kitandani. Ilikatazwa kuchungulia dirishani, kisha madirisha yakawekewa vizuizi hata anayeinua macho asione chochote ila kipande cha anga. Aliyekosea alipelekwa katika seli isiyo na mwanga. Zaidi ya hamsini walifia humo. Iuliu Maniu, aliyewahi kuwa waziri mkuu na aliyetetea demokrasia maisha yake yote, alifia humo mwaka 1953 akiwa na miaka 80. Gheorghe Tașcă, mchumi na aliyewahi kuwa mwakilishi wa Romania mjini Berlin, alifia humo mwaka 1951. Mwanahistoria Constantin Giurescu alitoka hai na akaacha maandishi juu ya miaka yake mitano na ushei ya gereza hilo.

Mnaona sasa walivyochanganywa. Maniu aliyeupinga udikteta wa kila rangi, na Manoilescu aliyeusifu, walilazwa chini ya paa moja, wakapewa uji mmoja, na hakuna aliyejali kuwatofautisha. Hiyo ndiyo kazi ya adhabu isiyo na kesi: inafuta tofauti kati ya mwenye hatia na asiye nayo.

Manoilescu aliugua, hakutibiwa, akafa. Ilikuwa tarehe 30 Desemba, siku ambayo nje ya kuta zile jamhuri ilikuwa inaadhimisha mwaka wake wa tatu. Alizikwa bila jina, pamoja na wengine, katika Makaburi ya Maskini nje ya mji. Mwaka 1952 mahakama ilimtia hatiani kwa sababu ya maandishi yake, mshitakiwa akiwa udongoni kwa zaidi ya mwaka. Jamaa zake walipewa habari rasmi ya kifo chake mwaka 1958. Kwa zaidi ya miaka saba hawakuwa na maiti, hawakuwa na matanga, hawakuwa na siku ya kusema: leo amekufa mtu wetu.

Mchimba kisima

Wapo watakaosema: dawa ya moto ni moto. Aliisifu dola isiyoulizwa, basi dola isiyoulizwa ilimla. Usemi huo una utamu wake, na mimi mwenyewe niliwahi kuukubali. Jibu langu ni mtu mwingine.

Lucrețiu Pătrășcanu alikuwa mwanasheria mwenye shahada ya udaktari ya uchumi kutoka Leipzig, na mkomunisti tangu ujana wake, wakati ambapo ukomunisti nchini Romania ulikuwa tiketi ya jela. Mwezi Septemba 1944 aliongoza ujumbe uliosaini mapatano ya kusimamisha vita mjini Moscow. Alikuwa Waziri wa Sheria hadi mapema mwaka 1948. Chini ya uwaziri wake ziliundwa Mahakama za Wananchi za kuwahukumu wahalifu wa vita, na mahakimu wasioaminiwa na utawala mpya wakaondolewa. Aliamini kwamba mapinduzi yanaweza kuinamisha sheria kidogo, kwa sababu njema, kisha yakainyoosha tena.

Mwezi Aprili 1948 wenzake wa chama walimkamata. Walimweka ndani miaka sita. Mwezi Aprili 1954 alisomewa mashitaka ya uhaini katika kesi ya siku chache ambayo mwisho wake ulikuwa umeamuliwa kabla haijaanza, na akapigwa risasi katika gereza la Jilava. Mwaka 1968 chama hicho hicho kilitangaza kwamba hakuwa na hatia.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini tusiishie kwenye methali na kuridhika. Pătrășcanu hakuwa shetani. Alikuwa mtu mwenye akili na ujasiri aliyedhani sheria ni ua wa kuwazuia wengine. Ua ukishabomolewa kwa ajili ya kumpitisha adui, haubaki na mlango wa kumfichia rafiki.

Mwaka 1964

Nataka mnisikilize kidogo zaidi kuhusu yaliyotokea baada ya kifo cha Manoilescu, kwa kuwa yanaonyesha jambo ambalo gereza haliwezi kulifanya.

Mwezi Februari 1964 mwanajiografia mmoja wa Moscow, Emil Valev, alichapisha pendekezo la kuunda eneo moja la kiuchumi katika nchi za Danube ya chini. Kwa Romania maana yake ilikuwa kubaki mlimaji wa kambi ya kijamaa, huku viwanda vizito vikikaa kwa wengine. Kila nchi ishike kazi yake, wabadilishane, wote watafaidika. Ilikuwa sauti ya Ricardo, imevaa koti jekundu.

Wakomunisti wa Bucharest walilikataa pendekezo hilo hadharani. Mwezi Aprili chama kilitoa tamko lililodai haki ya kila nchi ya kijamaa kupanga uchumi wake yenyewe. Katika miaka hiyo ya 1960 serikali ilijenga kiwanda kikubwa cha chuma huko Galați, kwenye Danube, katika mkoa ambao leo una mji mdogo uitwao Tecuci. Waliokuwa wamemzika Manoilescu bila jina walisimama mbele ya dola kubwa wakijitetea kwa hoja yake: taifa linalobaki shambani kwa amri ya wengine hutoa jasho jingi kwa jasho kidogo. Mwaka huo huo wa 1964 wafungwa wa kisiasa waliosalia Romania waliachiwa kwa msamaha.

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro zake, na Romania ya Nicolae Ceaușescu baadaye ilionyesha gharama ya kujenga viwanda bila kuhesabu kinachokula na kinachozalisha. Labda mwandishi wake angewakumbusha kile kipimo chake cha wastani wa tija. Hatujui angesema nini, na sababu ya kutojua ni Sighet.

Swali ambalo halikuulizwa

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Tunapozungumza juu ya mfungwa asiye na kesi, kwa kawaida tunahesabu dhuluma moja: ile aliyotendewa mfungwa. Katika maisha haya zipo mbili.

Ya kwanza ni ya Manoilescu. Mwaka 1927 mahakama ya kijeshi ya watu waliomchukia ilimsikiliza na kumwachia. Mwaka 1948 hakusomewa lolote. Kosa la mtu, hata liwe kubwa, halimtoi katika watu.

Dhuluma ya pili ni ya wale waliopakiwa katika mabehewa mwezi Mei 1944. Fikirini kesi ya wazi mwaka 1949, mbele ya mahakimu huru. Waziri wa zamani amesimama kizimbani. Anaulizwa: amri ya tarehe 8 Agosti, wewe ulisema nini barazani? Wayahudi wa Romania mlipowaondoa katika haki za raia, mlitarajia waende wapi? Ulipoiona ile ramani na kuzimia, uliwakumbuka akina nani? Mtu wa Sighet aliyerudi kutoka Auschwitz angepanda kutoa ushahidi, na maneno yake yangeandikwa na karani, yakabaki. Kesi hiyo haikufanyika. Mahakama ya 1952 ilimhukumu marehemu kwa maandishi yake, kwa kuwa utawala ule haukutafuta jibu juu ya Wayahudi wa Sighet. Ulitafuta kumnyamazisha mwandishi.

Kwa hiyo kila anapozikwa mshitakiwa kabla ya kusikilizwa, huzikwa pamoja naye majibu ambayo waliodhulumiwa walikuwa wanayadai. Anayefurahia adui yake kutoweka usiku anaukata mkono wa shahidi wake mwenyewe.

Kumbukumbu alizoziandika Manoilescu katika ile miaka mitatu ya uhuru zilidumu. Zilichapishwa baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwezi Desemba 1989, zile za Vienna mwaka 1991, na nyingine mwaka 1993. Humo anajitetea, kama kila mtu ajiteteavyo akiandika peke yake chumbani. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemuuliza swali la pili. Kalamu ya mshitakiwa haiwezi kuchukua nafasi ya mahakama.

Gereza la Sighet lilifungwa kwa wafungwa wa kisiasa mwaka 1955, Romania ilipokuwa inajiandaa kuingia Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1990 mshairi Ana Blandiana na mumewe, mwandishi Romulus Rusan, waliligeuza kuwa mahali pa kumbukumbu, na watu kutoka nchi nyingi hulitembelea. Katika mji huo huo nyumba aliyozaliwa Elie Wiesel nayo imehifadhiwa kama makumbusho. Mgeni anaweza kuzizuru zote mbili kwa siku moja, na mimi nasema anayezuru moja na kuiacha nyingine ameondoka na nusu ya habari.

Nje ya mji yako yale Makaburi ya Maskini. Waliofia gerezani walipelekwa huko usiku, bila alama, na leo hakuna awezaye kuonyesha kwa kidole kaburi la Maniu, la Tașcă au la Manoilescu. Waliojenga kumbukumbu hawakuweza kuweka jiwe lenye jina juu ya kila mmoja, basi wakachora juu ya uwanja ule umbo la nchi ya Romania. Ndani yake ni majani tu, na kwa nje wakapanda miti ya misonobari iliyoufuata mpaka.

Mtu aliyeanguka mbele ya ramani mezani Vienna amelala mahali fulani katika makaburi yale, karibu na ramani ya miti inayoendelea kukua. Mpaka huu haukuchorwa na Ribbentrop wala Ciano. Safari hii Sighet umo ndani.